Fungu la Bibi Sikudhani

Kwa taarifa za nyumba, Bibi Sikudhani alipaswa kuwa marehemu tangu Jumatatu.

Perpetua Mloka alizisoma taarifa hizo kwenye kishikwambi chake akiwa bado na begi begani, ndiyo kwanza ameteremka kwenye treni ya Dodoma, ambako alikaa siku nne akitetea michoro yake mbele ya wakubwa wa Baraza la Joto. Joto la mwili: nyuzi arobaini na moja na nusu. Mapigo ya moyo: mia mbili themanini kwa dakika. Mkazi amelala saa kumi na mbili jioni, ameamka saa kumi na moja alfajiri, na kabla ya chai amezunguka duara moja mara sitini na tatu. Yote hayo ya mwanamke wa miaka themanini na mbili mwenye goti bovu.

"Ee Mungu wangu!" alisema Perpetua, kwa sauti iliyomfanya muuza karanga ageuke.

Kosa lilikuwa lake na alilijua. Nyumba ile ya Mwembesongo ilikuwa ya majaribio, na kipindi cha majaribio kelele zake zote za hatari zilikuja kwake kwanza badala ya kwenda zahanati. Yeye alikuwa amezizima ili zisimwaibishe kikaoni. Sasa alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Akadandia pikipiki ya umeme, akamwambia dereva aendeshe kama anafukuzwa na askari, na njia nzima alikuwa anaona kitu kimoja tu: mlango wa chumba cha babu yake, umefungwa.

Mwaka wa Joto Kuu Perpetua alikuwa na miaka kumi na mmoja. Watu wa nyumbani wote walikuwa sebuleni wanacheza karata, feni inazunguka, na babu alikuwa chumbani kwake. Walidhani amelala. Mwaka ule Morogoro ilizika wazee wengi hadi sanda zikaadimika madukani, na ndipo ilipotungwa sheria kwamba kila nyumba mpya ya mjini itenge Fungu la Mzee: nusu ya ubaridi wa siku nzima, umfuate mzee popote alipo, na mtu yeyote asiweze kuuchukua. Perpetua hakuipinga sheria ile hata siku moja. Ndiyo iliyomfanya asomee usanifu wa majengo.

*

Nyumba yenyewe ilisimama kwenye kiwanja cha hatua kumi na mbili kwa nane, katikati ya ghorofa mbili zilizoibana huku na huku. Usiku, upepo wa mlima Uluguru uliingia kwenye bomba pana la udongo juu ya paa, ukashuka hadi chini ya sakafu na kuyapoza maji ya tangi. Mchana ubaridi ule ulipanda na kutokea kwenye matundu ya ukutani, moja kila chumba, ambayo watu wa nyumba waliyaita pua. Ubaridi ulikuwa na kiasi chake. Ukiisha umeisha hadi usiku mwingine. Kwa hiyo nyumba iligawa. Kila mkazi alivaa bangili nyembamba iliyosema yuko wapi na mwili wake una hali gani, na pua zilifunguka na kufungwa kwa kuzifuata bangili hizo. Mgonjwa alipewa zaidi ya wote.

Perpetua hakupiga hodi. Alipita mbio hadi chumba cha Bibi, akaisukuma kanga iliyolowa maji iliyoning'inia mlangoni, akamkuta bibi kakaa mkekani, miguu kainyoosha, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Bibi!"

"Hodi mmeiacha Dodoma?"

"Shikamoo, bibi. Nisamehe. U mzima?"

"Marahaba. Mimi mzima, wewe ndiye unayehema. Kaa unywe maji."

Perpetua alimshika mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Hakuna bangili. Bibi Sikudhani aliendelea kutoa chuya kwa bidii ya mtu ambaye hajaulizwa kitu.

Perpetua akatoka. Ukumbini, Mama Tausi, binti wa Bibi, alikuwa ameinamia cherehani, jasho linamtiririka, na hakuinua macho. Perpetua akabisha hodi kwa Tausi, mjukuu, aliyejifungua siku kumi na tisa zilizopita na bado yuko ndani kwa arobaini. Mlango ulipofunguliwa, baridi ilimpiga usoni. Pua ya ukutani ilikuwa wazi mpaka mwisho. Tausi alikuwa kitandani anamnyonyesha Kidawa, kajifunika shuka mbili. Na hapo kwenye mguu wa kitanda, kafungwa kwa kamba ya katani, alisimama tetea mwekundu aliyenunuliwa kwa ajili ya supu ya mzazi. Mguu mmoja una kamba. Mguu wa pili una bangili, imekazwa kwa uzi.

Tetea alikata duara lake, akasimama, akamtazama Perpetua kwa jicho moja.

"Dada Pepe," alisema Tausi, anacheka huku anaogopa, "mimi sikumvalisha."

Perpetua alikaa chini palepale sakafuni. Alitaka kukasirika lakini kicheko kilimtangulia, akacheka hadi machozi yakamtoka, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

*

Kikao kilifanyika ukumbini. Mrisho, mume wa Tausi, alisikiliza akiwa jikoni, nyuma ya mlango ulioegeshwa. Alifanya kazi ya usiku kwenye mitambo ya maji, kwa hiyo mchana ndiyo usiku wake. Arobaini ilimtoa chumbani kwa mkewe, na ukumbini kulikuwa na mama mkwe na cherehani yake. Mwanamume mwenye adabu halali kifua wazi mbele ya mama mkwe. Basi alilala jikoni, kusiko na pua, kwenye jamvi, kati ya mtungi wa gesi na gunia la mkaa.

"Nyumba yako," alisema Bibi, "inanipulizia mimi baridi mchana kutwa, mifupa inauma. Ukuta wa pili mtoto analia, shingo imejaa vipele vya joto. Nikaiambia nyumba, mpe mtoto. Ikanijibu."

"Ikasemaje?"

Bibi aliinua uso kuelekea darini, akapaza sauti. "Wewe! Fungu langu mpe Kidawa!"

"Fungu la Mzee halihamishiki," ilijibu nyumba kwa upole, kwa sauti ambayo Perpetua mwenyewe alikuwa ameichagua.

"Umeisikia? Mimi nina miaka themanini na mbili, na sanduku linanijibu hivyo."

"Ungekaa na Tausi chumbani, fungu lingekufuata."

"Nilikaa. Siku moja. Chumba kile kitanda kimekula chote, hata pa kunyooshea goti hakuna. Nikiingia mimi, mama yake hapati pa kusimama. Nikaona kuku anakaa vizuri tu kuliko mimi."

"Lakini Kidawa naye ana fungu," alisema Perpetua. "Kila mkazi ana lake."

Mama Tausi alisimamisha cherehani. "Mwanangu, Kidawa hana bangili. Hakuna inayomwenea. Nyumba inamhesabu yeye na mama yake mtu mmoja."

Perpetua alikuwa amechora nyumba ya watu watano, akaielekeza ihesabu wanne. Hakukumbuka arobaini, hakumkumbuka mkwe, na kichanga alimpa nafasi ya kitanda tu. Miaka mitano ya kazi, na jambo la kwanza lililofanywa na nyumba yake ni kumlaza baba wa mtoto karibu na gunia la mkaa.

Tena kesho yake, saa nane mchana, mkaguzi wa Baraza angekuja. Nyumba ikipita, familia thelathini zilizokuwa kwenye mahema ya Kihonda zingejengewa kama hiyo kabla ya kiangazi. Isipopita, zitakaa kwenye mahema kiangazi kingine. Na daftari la nyumba lilikuwa na siku nne za tetea.

Perpetua alikuwa na funguo za daftari. Angeweza kuzifuta siku hizo na asijue mtu. Au angeweza kutumia kile alichopewa Dodoma. Alifungua begi, akakitoa: bangili nene ya chuma chepesi, yenye kufuli. Baraza lilikuwa limeitengeneza kwa ajili ya wazee wakaidi.

Bibi aliitazama kwa muda. "Hiyo anaifungua nani?"

"Baraza."

"Siyo mimi."

"Siyo wewe, bibi."

Bibi Sikudhani alinyoosha mkono wake mwembamba. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. "Haya, funga. Lakini ukishafunga, usiniite tena bibi. Niite mfungwa wako, na chakula uniletee wewe."

Perpetua aliishika bangili asiifunge. Alimpenda bibi huyu. Kwa miezi sita ya majaribio alikuwa amekula wali wake mwingi kuliko wali wa mama yake mzazi, na hakutaka kumfunga kama ng'ombe. Wala hakutaka kumkuta siku moja amelala vile ambavyo babu alilala. Kumwacha achague kulimwogopesha, na kumchagulia kulimtia aibu.

"Babu yangu alikufa mwaka wa Joto Kuu," alisema hatimaye. "Kwenye chumba kama hicho chako. Mimi nilikuwa sebuleni. Ndiyo maana, bibi. Siyo kwamba nakudharau."

"Pole, mjukuu wangu." Bibi akasogea karibu. "Alikuwa na nani humo chumbani?"

"Peke yake."

"Sasa mbona na mimi umenijengea chumba cha peke yangu?"

Perpetua aliirudisha bangili begini. Kutoka jikoni Mrisho alikohoa, kikohozi cha mtu anayekubaliana na hoja.

*

Alianza kupima jioni ileile. Alianzia chumba cha Bibi, ambacho kwa siku nne hakikupata ubaridi hata kidogo, kwa sababu fungu lake lote lilikwenda kwa kuku. Hesabu zake zilisema saa nane mchana kingekuwa na nyuzi thelathini na sita. Kipimo cha ukutani kilionyesha kilifika thelathini. Upepo wa mlangoni ulikuwa umepita kwenye kanga mbichi, Bibi alikuwa amekaa chini badala ya kitandani, na kila saa alikuwa akiichovya kanga upya kwenye ndoo. Mashine haikuhusika hapo kabisa.

"Hiki kitu mbona hukuniambia?" aliuliza Perpetua.

"Hukuuliza. Ulikuja na mashine."

Asubuhi alizifunga pua zote za vyumbani, akaacha moja tu wazi, ya ukumbini. Hii haikuvunja sheria yoyote. Ubaridi wote wa siku ungetokea mahali pamoja, na watu wangekaa hapo saa zile mbaya, saa sita hadi saa kumi, kisha kila mtu arudi kwake. Tausi angetoka chumbani na mtoto, maana Bibi alitamka kwamba arobaini ni ya kutotoka nje, na ukumbi siyo nje. Cherehani ilisukumwa pembeni, mikeka ikatandikwa.

Tatizo likabaki Mrisho. Aliitwa mara tatu. Mara ya tatu alichungulia, akamwona mama mkwe anatandika mkeka, akarudi jikoni mbio na kupiga teke gunia la mkaa.

"Mume wangu," Bibi alimwita, kwa utani wake wa siku zote kwa mume wa mjukuu, "utakufa kwa joto huko, mimi nitabaki mjane kwenye nyumba ndogo hii?"

"Bibi, niacheni tu. Nimezoea."

"Hajazoea," alisema Tausi. "Jana alikuwa anaweweseka, anaita mvua."

Mama Tausi alichukua kanga mbili kutoka kwenye rundo lake la kushona, akaziunga kwa mshono mmoja mrefu, akapitisha kamba ya katani kwenye pindo. Akaifunga kamba ukuta kwa ukuta, akailowesha kanga mpaka ikawa inadondosha maji. Ukumbi ukawa pande mbili. Mrisho akapita kwa mlango wa jikoni, akajilaza upande wake, haonekani wala haoni, na kikohozi chake kikawa kimoja na mazungumzo ya watu.

Perpetua alisimama mbele ya pua ya ukumbini na kishikwambi mkononi. Upepo uliotoka ukutani ulipita kwenye kanga ile kabla ya kuwafikia watu. Namba zilianza kushuka: ishirini na tisa, ishirini na nane, ishirini na saba. Pazia la adabu lilikuwa linapoza kuliko tangi peke yake, na yeye hakulichora.

*

Mkaguzi, Bwana Lusasi, alifika saa nane kasoro, mnene, mpole, shati limemganda mgongoni. Nje kulikuwa na nyuzi arobaini. Alipoingia ukumbini alisimama tu, akafumba macho, akapumua kwa nguvu.

"Karibu mkekani, baba," alisema Bibi.

Perpetua hakungoja kuulizwa. Alimpa daftari lote, pamoja na siku nne za tetea. Alieleza kila kitu, hata kelele za hatari alizozizima. Bwana Lusasi alisoma. Midomo ikaanza kumcheza.

"Huyu aliyezunguka mara sitini na tatu..."

"Yule pale," alisema Tausi. Tetea alikuwa kafungwa kwenye mguu wa cherehani, amejaza kifua, macho nusu yamefumba. Na yeye alikuwa amepata nafasi penye baridi.

Mkaguzi alicheka, kisha akakumbuka kazi yake na kutoa fomu. "Bibi Sikudhani. Sheria inataka fungu lako likufikie wewe. Je, limekufikia?"

Bibi alikuwa amempakata Kidawa, ambaye alikuwa amelala usingizi mzito, vipele shingoni vimeanza kunywea. "Unaniona nilivyokaa?"

"Nakuona."

"Basi andika ulichokiona."

Bwana Lusasi alipima. Alipokaa Bibi palikuwa na nyuzi ishirini na saba. Kwenye vitabu vya Baraza, chumba cha mzee chenye pua yake mwenyewe kilitakiwa kiwe na ishirini na nane. Aliisoma sheria yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata, huku wote wakimtazama na Mrisho akisikiliza nyuma ya pazia.

"Inasema fungu limfikie mzee," alisema mwishowe. "Haijasema akae nalo peke yake." Akaishusha fomu mapajani. "Mama yangu nimempa chumba kizuri, pua kubwa kuliko zote. Kila nikirudi namkuta jikoni na msichana wa kazi. Nilikuwa namgombeza."

Akaandika. Hakuandika yote waliyoyataka. Nyumba kumi kwanza, siyo thelathini, na yeye angerudi mwezi wa Februari, joto likiwa kali, kupima upya. Kelele za hatari ziwashwe leo hii, na Perpetua aandike barua ya kueleza kwa nini alizizima. Kisha akaomba akae kidogo zaidi. Bibi alimletea chai.

Alipoondoka, Bibi alinyoosha mkono. "Nipe bangili yangu. Ile ya kawaida, siyo pingu."

"Utaivaa?"

"Nitaivaa mwenyewe, na nikitaka nitaivua mwenyewe, na nikiivua nitakwambia. Kuku hatumsumbui tena."

"Supu kesho?" Mrisho aliuliza nyuma ya pazia.

"Kuku huyu siwezi kumla," alisema Tausi. "Siku nne nzima alikuwa bibi yangu."

Ile bangili ya kufuli, Perpetua aliiweka kwenye jiwe la kunolea visu na kuipiga nyundo mara mbili. Ndani yake kulikuwa na kipande kidogo cha kupimia, chepesi, ukubwa wa punje ya mahindi. Mama Tausi alikishonea ndani ya kitambaa laini cha pamba, akamfunga Kidawa kwenye kifundo cha mguu, fundo ambalo hata mtoto mwenyewe angeweza kulivuta likafunguka. Perpetua akaliandika jina lake kwenye daftari la nyumba.

Dakika chache baadaye kishikwambi kililia. Kelele za hatari zilikuwa zimewashwa, na nyumba ilikuwa na wasiwasi wa kweli.

"Wakazi watano wako mahali pamoja," iliandika. "Halijatokea tangu nyumba ifunguliwe. Je, kuna hatari?"

Perpetua aliyatazama maneno yale, watano, akayasoma mara mbili. Bibi alikuwa anachambua mchele, Mama Tausi anashona, Tausi amesinzia na mtoto, na upande wa pili wa kanga mbichi Mrisho anakoroma bila haya.

"Hapana," aliandika. Nyumba ilimtaka ataje sababu, akaandika: "Wako nyumbani."